Magome ya Miti Bustanini: Ni Matandazo, Si Mbolea

(Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wenye bustani za Kisiwa cha Mombasa, katika Mji wa Kale)



Kabla ya jambo lingine naomba radhi. Mimi si Bwana Shamba. Kazi yangu ni kukaa mezani na kugeuza karatasi za serikali kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, na mkono wangu umezoea kalamu kuliko jembe. Nimeitwa kuzungumza nanyi juu ya magome ya miti kwa sababu moja tu: nilikosea neno moja, na neno hilo likamharibia mtu bustani yake.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Ilieleza namna ya kufunika udongo kwa magome na vipande vya miti ili jua lisiukaushe. Kwa Kiswahili jambo hilo lina jina lake, nalo ni matandazo, maana hutandazwa juu ya ardhi kama mkeka juu ya sakafu. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, nikaona kwamba neno hilo halitajulikana na watu wengi, nikaandika "mbolea ya magome." Nilidhani nimerahisisha. Kumbe kila mtu ajua mbolea hufanywaje: humwagwa, ikalimiwa chini, ikachanganyika na udongo. Na hivyo ndivyo alivyofanya Bi Mkubwa mwenye nyumba ninayokaa.

Bi Mkubwa huyu, ambaye hapendi nimtaje jina, ana ua mdogo nyuma ya nyumba, yapata hatua nane kwa sita. Humo ana mdimu mmoja, mipilipili michache, na asumini iliyopanda ukutani, ambayo huichuma jioni akatunga vikuba vya kuuza. Sehemu iliyobaki hupanda mchicha. Mchicha ndio unaomlipia maji, na nyote mwajua maana ya maji katika kisiwa hiki. Visima vyetu vingi vina munyu, na maji matamu hutoka mbali. Tangu mwaka 1957 mengine yamekuja kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mfereji ukikauka, hapana budi kununua mitungi kwa mwenye mkokoteni.

Basi alisomewa ile karatasi yangu, akapeleka mjukuu wake kwa wauza fito za mivinje, akaletewa magunia mawili ya magome yaliyochubuliwa, na kwa seremala wa jirani akapata gunia la takataka za randa. Vyote akavikatakata, akavilimia chini shibiri nzima, akamwaga mbegu. Mchicha uliota vizuri. Kisha ukasimama. Siku ya ishirini, wakati ambapo desturi yake huwa ameanza kufunga mafungu ya kuuza, mchicha ulikuwa na urefu wa kidole, na majani yake ya chini yamekuwa manjano kama ndimu iliyoiva.

Nilipita uani asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uitazame mbolea yenu. Kila siku nainywesha mitungi miwili, na mchicha wangu unakufa kwa njaa. Mbolea gani hii inayokula badala ya kulisha?"

Sikuwa na jawabu. Lakini baadaye, Bwana Shamba alipokuja, aliniambia kwamba yule mama, bila kusoma kitabu chochote, alikuwa amelisema jambo lenyewe kama lilivyo. Magome yalikuwa yanakula.

Bwana Shamba alichimba kwa kidole akatoa kipande cha gome. Kilikuwa kimelowa, na juu yake zimetambaa nyuzi nyeupe za ukungu. Akasema kwamba hao, pamoja na vijidudu wengine wadogo wasioonekana kwa macho, ndio wafanyakazi wa udongo. Kazi yao ni kuvunjavunja kila kitu kilichokufa mpaka kiwe udongo mweusi. Na kama wafanyakazi wote, wanataka chakula cha namna mbili. Wanataka kaboni, ambayo huwapa nguvu, na wanataka nitrojeni, ambayo hujenga miili yao. Nitrojeni ndiyo hiyo hiyo inayofanya majani ya mchicha yawe kijani na mapana.

Sasa katika magome kaboni ni tele na nitrojeni ni haba mno. Vijidudu hufanya kazi vizuri wanapopata vipimo kama 25 au 30 vya kaboni kwa kila kipimo kimoja cha nitrojeni. Samadi ya kuku ina vipimo kama 10 tu, na ndiyo sababu huoza upesi na kunuka. Magome huwa na vipimo 100 na zaidi, na unga wa mbao huwa na vipimo mia kadhaa. Ni kama kuwaalika watu arubaini, ukawapakulia sinia kubwa za wali mkavu, na mchuzi wote ukawa kibakuli kimoja. Watafanya nini? Watapeleka mkono kwa jirani. Vijidudu waliopewa magome hivyo hivyo, wakiona mchuzi hautoshi, huufuata ule uliomo katika udongo, na kwa kuwa wao ni wepesi kuliko mizizi, huufikia kwanza. Mchicha hukuta chungu kimekombwa.

Hapa yafaa niwatoe hofu. Nitrojeni hiyo haikuibiwa, imekopwa. Vijidudu wakimaliza kazi hufa, na miili yao huoza, na kile walichokichukua hurudi katika udongo, tena pamoja na udongo mweusi ambao haukuwapo mwanzo. Lakini deni hili hulipwa baada ya miezi, na magome manene huweza kuchukua miaka. Mwembe waweza kungoja. Mchicha, ambao uhai wake wote ni wiki chache, hauwezi. Hapo ndipo ilipokuwa hasara ya Bi Mkubwa, nayo haikutoka kwa magome, bali kwa neno langu lililomwambia ayazike.

Maana magome yakiwekwa juu, habari ni nyingine kabisa. Vijidudu hufanya kazi pale tu gome linapogusana na udongo. Likilala juu, ukopaji hutokea katika utando mwembamba wa juu, na mizizi iko chini haina habari. Tena ule upungufu wa juu una faida yake, kwa sababu mbegu ndogo za magugu zinazoota pale juu hazipati chakula wala mwanga. Jambo hili limejaribiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na tofauti kati ya kutandaza na kuzika imeonekana wazi.

Wengine watauliza, ikiwa magome yana chakula kidogo hivyo, ya nini kujisumbua nayo? Jawabu liko chini ya miguu yenu. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe. Udongo uliolala juu yake mahali pengi ni haba, una chokaa nyingi, na maji hupita ndani yake kama katika kung'uto. Katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, jua huupiga udongo ulio wazi mpaka unachoma nyayo. Ukiufunika, joto hupungua, maji hayaruki upesi, na mvua kubwa ya masika ikija mwezi wa Mei haiupigi udongo ukatapakaa ukutani. Kwa mwenye kununua maji kwa mtungi, hii peke yake ni faida ya kuhesabika. Na kwa mwenye kumwagilia maji ya kisima chenye munyu, ipo nyingine: maji yakiruka hewani huuacha munyu juu ya udongo, na maji yasiporuka kwa wingi munyu nao hurundikana polepole zaidi. Zaidi ya hayo, magome hutoa potasiamu na kalisi kidogo kidogo yanapooza, na ule udongo mweusi unaobaki huyashika maji na chakula kisipotee mawetumboni.

Kuna wasiwasi mwingine ambao nimeusikia, kwamba magome hutia udongo ukali kama wa siki. Katika nchi za udongo mkali huenda mtu akajiuliza hivyo. Hapa kwetu, juu ya matumbawe, chokaa ni nyingi kiasi kwamba magunia machache ya magome hayawezi kuigeuza. Shida yetu ni kinyume chake. Chokaa hiyo hufungia madini ya chuma, mizizi isiweze kuyatumia. Kwa hiyo mkiona umanjano, tazameni vizuri kabla ya kulaumu. Ukianza katika majani ya zamani ya chini, na jani lote likapauka, nitrojeni imepungua. Ukianza katika majani machanga ya juu, na mishipa ya jani ikabaki kijani, basi ni chuma kilichofungiwa na chokaa. Mdimu wa Bi Mkubwa ulikuwa na umanjano huu wa pili miaka mingi kabla magome hayajaingia uani, na mimi niliulaumiwa bure.

Sasa nataka tuvuke daraja la Nyali kidogo, twende Bamburi, maana huko yametendeka mambo ambayo kila mwenye bustani juu ya jiwe la matumbawe yafaa ayajue. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kwa kazi hiyo kilichimba jiwe lile lile tunalolikalia sisi. Mahali palipochimbwa palibaki uwanja mweupe, hapana udongo, jua linarudi machoni kama kwenye bati, na maji ya chini yana munyu. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyefika Bamburi mwaka 1959, alianza kujaribu kupaotesha miti. Alijaribu aina 26. Aina tatu tu zilistahimili, na mmoja wao ni mvinje.

Mvinje una siri yake. Katika mizizi yake kuna vinundu wanamokaa vijidudu wenye uwezo wa kuichukua nitrojeni katika hewa, kwa hiyo waweza kuishi mahali pasipo na chakula. Miti ile ikakua ikawa msitu. Lakini majani yake membamba kama sindano yalianguka yakarundikana juu ya jiwe, makavu, yasioze. Yalikuwa magumu na yamejaa ile dawa chungu iliyomo pia katika magome, ambayo watu huitumia kutengenezea ngozi, na vijidudu hawakuyaweza. Palikuwa na tandiko, lakini hapakuwa na udongo.

Aliyekuja kuufungua mlango huo alikuwa jongoo. Bwana Haller aligundua kwamba jongoo mwenye miguu myekundu, ambaye sote twamjua tangu utoto, hula majani ya mvinje. Basi jongoo wakaletwa kwa wingi wakaachiwa. Wao wakatafuna, na kinyesi chao kikawa laini, tayari kwa vijidudu, na hao vijidudu wakamaliza kazi. Mwaka baada ya mwaka udongo mweusi ulijengeka juu ya jiwe tupu, miti mingine ikapandwa, na mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa watu kuja kutembea. Leo paitwa Haller Park. Ninyi wenye watoto huenda mmewapeleka kuwatazama viboko na twiga. Safari nyingine inameni mtazame chini pia.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bwana Shamba alicheka niliposema hivyo, akaniambia kwamba katika bustani hapo mtu amepata hasara mara mbili, maana amewatupa mfanyakazi na kazi yake pamoja. Basi mkimwona jongoo chini ya magome yenu, mwacheni. Tandu ni shauri lingine.

Nirudi uani kwa Bi Mkubwa, nieleze tulivyotengeneza kosa. Kwanza tulichakura udongo kwa mikono na kuondoa vipande vyote tulivyoweza kuviona. Kazi hiyo ilichukua asubuhi mbili, na nilitakiwa niifanye mimi, kwa haki kabisa. Kisha tukatia samadi ya kuku iliyokwisha kuoza, debe mbili, ili wale vijidudu wenye njaa wapate mchuzi wao. Katika nusu ya bustani Bi Mkubwa akapanda kunde badala ya mchicha, kwa kuwa kunde, kama mvinje, hujitafutia nitrojeni hewani, na majani yake ni mboga inayopendwa. Yale magome tuliyoyatoa tukayatandaza juu, kuzunguka mdimu, mipilipili na asumini. Mchicha uliofuata ulipandwa kwenye udongo mtupu, na baada ya miche kufikia urefu wa shibiri, ndipo tukaingiza tandiko jembamba kati ya mistari.

Unene wa kutosha kwa miti ni baina ya sentimita 5 na 10. Mkizidisha, mvua ndogo haitafika chini. Shina la mti liachwe wazi kiasi cha upana wa kiganja, la sivyo gome lake lenyewe litaoza. Yakiwa mabichi, ni vizuri kuyarundika kwanza miezi kadhaa mahali pa mvua, pamoja na samadi kidogo, yapoe. Na samadi iendelee kutiwa kama desturi. Matandazo hayachukui nafasi yake, na nikiliandika neno hili tena nitaliandika kwa herufi kubwa.

Kuna jambo ambalo karatasi ya Kiingereza haikulisema kabisa, pengine kwa sababu mwandishi wake hakuishi katika Mji wa Kale. Ni mchwa. Nyumba zetu zina dari za boriti na milango ya mbao iliyochongwa kwa taabu kubwa, na mchwa akipata magome yenye unyevu yameegemea ukuta, amepata ngazi. Acheni nafasi ya hatua moja kamili kati ya matandazo na ukuta wowote, na kila wiki inueni kidogo mtazame kama kuna njia zake za udongo. Ua ukiwa mwembamba kiasi kwamba nafasi hiyo haipatikani, afadhali msitumie magome; tumieni majani makavu au nyasi, tandiko jepesi linaloisha upesi. Asubuhi tazameni pia konokono wakubwa, ambao hupenda kujificha humo mchana wakatoka usiku kula miche.

Si kila gome linafaa. Magome ya mikoko yaliyotoka majini yana munyu, na tena miti hiyo inalindwa, haichubuliwi ovyo. Makumbi ya nazi ni mazuri sana na yapatikana kila siku, lakini yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotwa kamba yamelowa maji ya chumvi; yaacheni yanyeshewe masika nzima kabla ya kuyatumia. Kwa seremala, ulizeni takataka hizo zimetoka katika mbao gani. Mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, zile zenye rangi ya kijani kijani, zina sumu, wala zisiingie mahali panapopandwa chakula. Hali kadhalika mbao zilizopakwa rangi, na zile za kubandikwa kwa gundi.

Mwenye makopo na madebe tu barazani, ambao ni wengi hapa, naye ana fungu lake. Tandiko la unene wa vidole viwili juu ya kopo la mrehani au mpilipili litapunguza kumwagilia. Ila kopo lina udongo mdogo, na hapo gome likichanganywa ndani njaa huja upesi zaidi kuliko bustanini. Juu tu.

Bi Mkubwa amekaa pale nyuma, na ameniruhusu niseme kwamba kunde zimevunwa, na kwamba sasa hutumia mtungi mmoja pale alipokuwa akitumia miwili. Umanjano wa mdimu haujaisha. Bwana Shamba asema chuma kilichofungiwa miaka mingi hakifunguliwi kwa msimu mmoja. Ile karatasi nimeiandika upya, na neno "mbolea" limetoka. Nakala ziko juu ya meza mlangoni, na mwenye ile ya zamani tafadhali aniachie nikaichome moto, au aikatekate aitandaze chini ya mpapai. Bwana Shamba amesimama tayari kwa maswali yenu.